Kabla Hujaanza Tamthilia Mpya: Jinsi ya Kupata Inayostahili Saa Zako

Mtu anayefunga duka lake Kirumba, Mwanza, saa mbili usiku na kulala saa tano ana saa tatu mkononi, na humo ndani kuna kuoga, kula na kuzungumza na watu wa nyumbani. Ikibaki saa moja ya televisheni, tamthilia yenye episodi 81 itamchukua karibu miezi mitatu. Ikiwa mbovu, huenda akaja kulijua hilo kwenye episodi ya 30, na kufikia hapo ameshawazoea wahusika hata kuwaacha kunamuuma. Mwongozo huu unamsaidia ajue mapema. Unafaa kwa tamthilia za kwetu na za Kenya, za Korea, Uturuki na China, na zile za Marekani na Uingereza ambazo mtaani tunaziita sizoni.

Hatua ya 1: Hesabu saa kwanza

Kabla hujamuuliza mtu kama tamthilia ni nzuri, tafuta mambo matatu: ina episodi ngapi, episodi moja ina dakika ngapi, na je, hadithi imefika mwisho. Zidisha episodi kwa dakika, gawanya kwa 60, umepata saa.

Chernobyl ya mwaka 2019 ina episodi 5 tu, jumla kama saa tano na nusu. Meli ya Mwanza kwenda Nansio hutumia saa tatu hivi, kwa hiyo unaweza kuianza ukienda Ukerewe na kuimaliza ukirudi. Tamthilia nyingi za Korea zina episodi 16 za saa moja na dakika chache, yaani saa 17 au 18. Breaking Bad, iliyorushwa kuanzia 2008 hadi 2013, ina episodi 62 za dakika 47 hivi, karibu saa 49. Jumong, ile ya Kikorea ya mfalme mwanzilishi wa ufalme wa kale wa Goguryeo iliyowakalisha watu sebuleni nchi nzima, ina episodi 81 za saa moja moja.

Idadi ya episodi peke yake inadanganya, hasa kwa Waturuki. Kwao episodi moja hurushwa mara moja kwa wiki na mara nyingi huzidi saa mbili. Ikiuzwa nje hukatwa vipande vya dakika 45 hivi. Diriliş: Ertuğrul ina episodi 150 kama ilivyorushwa Uturuki, lakini Netflix iliigawa ikawa 448. Hata La Casa de Papel ya Hispania ilirushwa kwao mwaka 2017 ikiwa na episodi 15 ndefu, kisha Netflix ikaikata ikawa 22. Kwa hiyo jirani akisema yuko episodi ya 200 na wewe unaona zote ni 150, hakuna mwongo hapo.

Tatizo linakuja ukibadilisha chanzo katikati: ulikuwa unatazama kwenye king'amuzi, umeme ukakatika usiku tatu mfululizo, ukaamua kuendelea kwenye simu. Namba hazitalingana. Dawa ni kuandika tukio la mwisho uliloliona, nani alikuwa na nani na walikuwa wapi, kisha kulitafuta tukio hilo. Namba ya episodi iache.

Kuhusu mwisho, tamthilia iko katika hali moja kati ya tatu: imekamilika, inaendelea, au imekatishwa. Hii ya tatu ndiyo inayoumiza. Uturuki tamthilia isiyopata watazamaji huondolewa upesi, na waandishi hupewa episodi chache za kufunga kila kitu, ndipo unapoona mtu aliyepotea miaka kumi anarudi, anasamehewa na kuoa ndani ya nusu saa. Ukiitafuta kwenye chaneli ya watayarishaji, jua kwamba neno "Bölüm" ni episodi na episodi ya mwisho huandikwa "Final". Ukiona "Final" kwenye episodi ya 9 au ya 13, ujue ilikatishwa.

Kuna pia kurefushwa. Jumong ilipangwa iwe ya episodi 60, ikapendwa mno, ikaongezwa hadi 81. Si sababu ya kuikataa, lakini katikati utakuta safari za kwenda na kurudi ambazo hadithi haikuzihitaji sana. Ukilijua hilo mapema hutadhani umechoka wewe.

Hatua ya 2: Mtafute mwandishi

Bango la tamthilia hukupa nyuso. Nyuso hazikuambii kitu kuhusu episodi ya 12. Sinema hubebwa zaidi na mwongozaji, ila tamthilia ndefu hubebwa na anayeandika, kwa sababu waongozaji wanaweza kupokezana kila wiki na muswada ukabaki wa mtu yule yule au wa kundi lile lile.

Andika jina la mwandishi wa kila tamthilia uliyoipenda, kisha tafuta nyingine aliyoiandika. Njia hii inashinda kila orodha ya "kumi bora". Wakorea wanalijua hili vizuri, na mashabiki wao humfuata mwandishi kama wengine wanavyomfuata steringi: aliyependa Descendants of the Sun akitafuta jina la Kim Eun-sook atakutana na Goblin, Mr. Sunshine na The Glory. Aliyependa Breaking Bad ya Vince Gilligan ana Better Call Saul inayomsubiri.

Jina la mwandishi linasaidia pia kujua tamthilia ilipogeuka. Muhteşem Yüzyıl, ile ya Sultani Suleiman na mkewe Hürrem, ilianzishwa na mwandishi Meral Okay. Alifariki Aprili 2012 msimu wa pili ukiendelea, na mwingine akaichukua hadi ilipoisha mwaka 2014 ikiwa na episodi 139. Ukiitazama yote, angalia maneno ya wanawake wa harimu, yaani makazi ya wake wa sultani, kabla na baada ya hapo, na utajua kwa nini tunasisitiza jina.

Kwa tamthilia za kwetu za YouTube, jina la mwandishi liko mwanzoni au kwenye maelezo chini ya video. Kama halipo popote, au mtu mmoja ndiye mwandishi, mwongozaji, mtayarishaji, mhariri na mhusika mkuu, chukua tahadhari. Wapo wanaoweza kuyafanya yote hayo, ila ni wachache, na kinachokufa kwanza kwa kawaida ni muswada, kwa sababu ndio usioonekana kwenye kamera.

Hatua ya 3: Soma namba, lakini zisome sawasawa

Tovuti ya IMDb hutoa alama kati ya 1 na 10 kutoka kwa watazamaji wa kawaida. Usiishie kwenye alama ya jumla. Angalia kwanza wamepiga kura wangapi: alama 9.1 ya watu 60 huenda ni ya wasanii na ndugu zao. Kisha fungua orodha ya episodi uone alama ya kila moja, maana hapo ndipo ukweli ulipo. Game of Thrones ina alama ya jumla ya juu sana, lakini episodi yake ya mwisho, ya mwaka 2019, iko kwenye 4 hivi. Anayeangalia namba ya jumla haoni kwamba kuna shimo mwishoni. Mstari mzuri wa alama ni ule unaopanda taratibu kuelekea mwisho wa msimu. Ukiona unaanza 8.5 na kushuka kila msimu, tazama msimu wa kwanza na wa pili, kisha jiruhusu kuacha.

Tovuti ya Rotten Tomatoes inatumia asilimia, na wengi huielewa vibaya. Asilimia 95 maana yake wahakiki 95 kati ya 100 waliipa maoni mazuri, hata kama wote walisema "inatazamika". Si alama 95. Tamthilia ya kawaida isiyomkera mtu inaweza kupata asilimia kubwa kuliko iliyo bora inayowagawa watu. Kwa tamthilia za Asia, tovuti ya MyDramaList ina watazamaji wengi zaidi wanaozijua.

Tuzo zina maana ukisoma kipengele. Tuzo ya muswada bora inakuambia mengi, ya msanii anayependwa zaidi inakuambia ana mashabiki. AMVCA, tuzo za filamu na televisheni za Afrika zinazotolewa tangu 2013, zina vipengele vinavyoamuliwa na majaji na vingine na kura za watazamaji, kwa hiyo angalia ni kipi. Kalasha za Kenya na Baeksang za Korea ni mahali pazuri pa kuokota majina.

Tamthilia za Kiswahili hazina kura za kutosha huko, na alama zake hazikuambii chochote. Tumia njia nyingine. Kama iko YouTube, linganisha waliotazama episodi ya 1 na ya 10. Kushuka ni kawaida, kwa kuwa wengi huchungulia tu. Kipimo chetu: ikiwa ya 10 imebaki na robo ya watazamaji wa kwanza au zaidi, watu wamekaa. Kisha soma maoni ya episodi ya 15 na kuendelea, ukipanga mapya yaje juu. Usihesabu mioyo na "wa kwanza leo". Tafuta kama watu wanabishana juu ya uamuzi wa mhusika, mmoja akisema mama alikosea kuficha barua, mwingine akimtetea. Mwandishi aliyewafanya watu wagombane juu ya mama asiyekuwepo amefanya kazi yake.

Pima pia urefu halisi. Episodi iliyoandikwa dakika 22, ukitoa dakika 3 za yaliyopita, 1 ya wimbo, 2 za tangazo la mdhamini na 1 ya yajayo, imebaki 15. Si kosa, wasanii wanahitaji wadhamini ili wale. Lakini kwenye hesabu ya hatua ya kwanza tumia 15.

Hatua ya 4: Mtihani wa kutazama

Hapa ndipo pa kukaa na kalamu. Chukua episodi ya kwanza na ya pili, usizitazame ukiwa unapika.

Anza na masikio. Fumba macho dakika tano. Unatambua nani anazungumza? Maneno yanasikika au muziki umeyafunika? Kisha sikiliza kama watu wanazungumza kama watu. Kosa kubwa la miswada dhaifu ni mhusika kumweleza mwenzake jambo wanalolijua wote wawili:

"Dada, wewe uliyenilea tangu wazazi wetu walipofariki kwa ajali miaka kumi iliyopita, leo unanifanyia hivi?"

Hakuna anayezungumza hivyo na dada yake. Maneno yale ni ya kwetu sisi tulioko sebuleni, na mwandishi amekosa njia nyingine ya kutuambia. Mwandishi anayejua kazi angefungua kabati. Ndani kuna vitenge vya mama, bado vimekunjwa alivyovikunja mwenyewe. Dada mdogo anachukua kimoja avae kwenye harusi, dada mkubwa anakipokonya bila kusema neno na kukirudisha kwenye mikunjo ile ile. Tumejua mama hayupo, tumejua nani aliyekuwa mlezi, na tumejua ugomvi wao ni wa nini. Ukikuta hata tukio moja la aina hii ndani ya episodi mbili, endelea kutazama.

Sasa zima sauti dakika tano. Unaweza kujua nani anataka nini kwa mwenzake? Hesabu pia nyuso. Mtu anapigwa kofi, kamera inazunguka kwa watu wanne walioduwaa, mara mbili, na muziki wa radi. Hiyo ni nusu dakika ambayo hakuna kilichotokea. Ikijirudia mara tatu katika episodi moja, wanajaza muda.

Kisha tazama kazi. Wahusika wanaishi kwa nini? Ukiona jumba, magari mawili na "kampuni", na hujawahi kumwona mtu akiuza, akinunua au akidaiwa chochote, hadithi haina mifupa, kwa sababu ugomvi mwingi wa kweli katika maisha unatoka kwenye pesa na kazi. Siri ya Mtungi ya mwaka 2012, iliyowekwa Bagamoyo, ni mfano mzuri wa kwetu: Cheche ni mpiga picha, na upigaji picha wake uko ndani ya hadithi yenyewe, haukubandikwa kama pambo.

Kipimo tunachokiamini kuliko vyote ni kupima kwa jambo unalolijua wewe. Mtu wa ziwa ana bahati hapa. Tamthilia ikionyesha wavuvi wa dagaa, tazama: wanavua usiku, kwa taa, na usiku wa giza, kwa kuwa mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti samaki. Mwongozaji akikuonyesha mwezi mpevu juu ya maji, picha ya kupendeza kabisa, na chini yake wavuvi wanavuta nyavu zilizojaa dagaa, ujue hakuna aliyepita soko la samaki la Mwaloni kuuliza. Tazama mikono ya anayeigiza mvuvi, anavyoshika kamba. Tazama kama kuna mtu anatengeneza nyavu mchana, kama dagaa wameanikwa, kama kuna mchuuzi mwanamke anayepigania bei ufukweni. Muuguzi wa Bugando apime matukio ya wodini, fundi apime gereji, mwalimu apime darasa. Waliokosea pale unapopajua wewe huenda wamekosea na pale usipopajua. Waliopatia wamefanya utafiti, na mtu aliyetafiti nyavu kwa kawaida ametafiti na moyo wa mwenye nyavu.

Hapo hapo, sikiliza lafudhi. Mara nyingi mhusika mwenye lafudhi ya Kisukuma anawekwa awe mlinzi au mfanyakazi wa ndani wa kuchekesha, na lafudhi yake ndiyo utu wake wote. Mwandishi aliyemfanya Msukuma awe baba mwenye msimamo, mwenye deni, mwenye mapenzi yaliyomshinda, amemtazama mtu. Sisi tunaoishi naye tunaona tofauti mara moja, na tuna haki ya kudai tuonyeshwe hivyo.

Mwisho wa kila episodi andika mstari mmoja: nini kimebadilika? "Neema amegundua hati ya kiwanja ina jina la shemeji yake" ni badiliko. "Wamegombana tena" si badiliko. Mistari miwili mfululizo isiyo na badiliko ni ishara ya kuacha.

Usichanganye polepole na tupu. The Wire, iliyorushwa 2002 hadi 2008 ikiwa na episodi 60, inakurundikia majina na sura nyingi mwanzoni na haikusubiri uelewe. Lakini kila tukio lina habari mpya, na ukiandika mistari yako utaona inajaa. Tupu ni pale unapokosa cha kuandika. Kwa kiwango cha subira, tunashauri hivi: tamthilia ya episodi 6 hadi 10 ipe episodi 2, ya Korea ya 16 ipe 4, zile ndefu za vipande vya dakika 45 zipe 10, kwa kuwa huweka misingi taratibu.

Hatua ya 5: Hakikisha tatizo si tafsiri

Wengi huhukumu tamthilia nzuri kumbe walichokutana nacho ni tafsiri mbovu. Zile muvi za kutafsiriwa, ambapo mtu mmoja anasimulia juu ya sauti zote, ni sanaa yake yenyewe iliyozaliwa vibandani, na zina ladha yake. Ila msimuliaji huongeza utani, huruka maneno na mara nyingine hubadilisha hadithi. Usiitumie kuamua kama tamthilia yenyewe ni nzuri.

Tamthilia iliyotiwa sauti za Kiswahili ipime kwa mambo mawili. Kwanza, kila mhusika ana sauti yake, au kijana na babu wanasikika sawa? Pili, wanaitana sawasawa? Mkwe anamwamkia mama mkwe, mdogo hamwiti mkubwa kwa jina tupu, bosi na karani hawazungumzi kama marafiki wa utotoni. Doudou na Mama Wakwe Zake ya China, iliyoonyeshwa TBC mwaka 2011 kwa sauti za Kiswahili, ilikaa vizuri masikioni kwa sababu mambo ya mke na mama mkwe yana lugha yake kwetu tayari.

Kwa maandishi ya chini, kama unasoma Kiingereza polepole, episodi ya saa moja ya Kikorea itakuchosha kama mtihani, na utailaumu hadithi. Sitisha, rudisha sekunde kumi, au chagua iliyotiwa sauti. Tafsiri ya moja kwa moja ya YouTube kwenda Kiswahili husaidia kujua mada tu. Huandika "yeye" tu pale ambapo kwa Kiingereza kuna wa kike na wa kiume, na unaweza kutazama nusu saa ukidhani aliyesalitiwa ndiye msaliti.

Ukitazama faili kwenye kompyuta kwa programu ya VLC na maandishi yanawahi au yanachelewa, bonyeza G au H. Kila mbonyezo husogeza sehemu moja ya ishirini ya sekunde, kwa hiyo sekunde moja ni mibonyezo 20. Kama mwanzoni yako sawa na kufikia mwisho yamepishana dakika mbili, kubonyeza hakutasaidia: maandishi yalitengenezwa kwa nakala yenye kasi tofauti ya picha, tafuta mengine.

Hatua ya 6: Ipate kwa njia iliyo salama

Flashi ya kujaziwa dukani inaonekana rahisi, lakini mara nyingi episodi ya 7 ni ya 8, ya 11 haipo, na ya 14 imekatwa dakika tano za mwisho. Zaidi ya hapo, kwa tamthilia za kwetu, kila flashi ni mwandishi aliyenyimwa ujira wa msimu ujao, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalikataza. Tamthilia nyingi za Kiswahili na za Kituruki ziko bure kwenye chaneli rasmi za YouTube za watayarishaji wenyewe. Chaneli rasmi utaijua kwa episodi zilizopangwa kwa mfululizo, zenye urefu unaofanana, na picha isiyogeuzwa kushoto kulia. Picha iliyogeuzwa, ambapo maandishi ya mabango yanasomeka kinyume, imeibwa na kugeuzwa ili isikamatwe.

Kwenye bando, Netflix kwa ubora wa kati hula MB 700 hivi kwa saa, ubora wa juu unaweza kufika GB 3. Ukichagua kubana data kwenye simu, GB 1 inakaribia saa 6. YouTube ya 360p ni kama MB 300 kwa saa, na kwenye skrini ya simu inatosha kabisa. Kosa linalomaliza bando ni kuiachia YouTube ichague ubora yenyewe. Weka 360p kwa mkono kabla ya kubonyeza cheza, na uzime kipengele cha kuendelea yenyewe, maana ukisinzia saa sita inakula hadi alfajiri.

Kwa safari ya ziwani pakua mapema, usiku wa kuamkia safari. Mtandao hupotea meli ikishaingia kati. Fungua kila episodi sekunde chache simu ikiwa kwenye hali ya ndege, uhakikishe imeshuka yote. Meli ya Bukoba hupita usiku kucha, kwa hiyo episodi nne zinatosha, ulale.

Ukiweka video yako halali kwenye flashi na televisheni ikaikataa, sababu huwa moja kati ya hizi. Flashi iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Televisheni ya zamani haisomi video za aina ya H.265, nawe utasikia sauti bila picha. Na ikiwa picha ipo na sauti haipo, ni aina ya sauti isiyotambulika. Kwa mawili ya mwisho, badilisha faili liwe H.264 na sauti ya AAC.

Sebuleni na kambini

Kama mnatazama na wazazi, wakwe au watoto, mmoja wenu atazame episodi ya kwanza peke yake kabla. Alama za umri, 13, 16 au 18, zisome, na kwenye Netflix wekeni wasifu wa watoto pamoja na namba ya siri kwenye ule wa wakubwa. Kuhangaika na rimoti wakati baba mkwe amekaa hakuna faida.

Kwenye kambi za wavuvi ratiba ni ya mwezi. Siku za giza watu wako majini usiku. Mbalamwezi inapotawala, uvuvi wa dagaa husimama kwa kama siku kumi, na hapo ndipo televisheni ya kambi inapata watu. Chagua tamthilia ya episodi 8 hadi 10 iliyokamilika, episodi moja kwa usiku, iishe kabla giza halijarudi. Msianze ya 16 mkitarajia kuikamilisha mwezi ujao, kwa sababu wengine watakuwa wamehamia mwalo mwingine na waliobaki watataka irudiwe tangu mwanzo. Aliyeshika simu yenye hesabu ya episodi aandike pia tukio la mwisho kwenye karatasi na kuibandika karibu na betri ya sola, ili anayewasha kesho yake, hata kama ni mwingine, ajue pa kuanzia.